Kupima kiwango cha magonjwa ya zinaa kwenye kata moja: kuanzia swali hadi mrejesho

Utafiti wa magonjwa ya zinaa huharibikia mlangoni kwa mtu, kabla sampuli haijafika maabara. Mashine za siku hizi zinagundua vijidudu hata vikiwa vichache sana kwenye mkojo. Haziwezi kumwona mvuvi ambaye hakukutwa nyumbani, wala kumsaidia mama aliyejibu "hapana" kwa sababu swali lilimtukana bila mhojaji kujua. Mwongozo huu ni wa timu ndogo: mtafiti mkuu, wahojaji sita, muuguzi na mtaalamu wa maabara. Kazi yao ni kujua watu wangapi kati ya kila 100 wenye miaka 18 hadi 49 katika kata moja wana klamidia, kisonono, trikomona au kaswende.

Mfano wetu ni kata ya ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, yenye vijiji vinne, mwalo mmoja mkubwa, kambi za dagaa, na baa na gesti za kando ya barabara. Ukifanyia kazi Mombasa au Bujumbura utabadilisha majina ya viongozi na nyakati za kutembelea nyumba. Mengine yanabaki.

Swali kwanza

Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni walio na maambukizi leo. Ya pili ni wanaoambukizwa upya kila mwaka. Ukipita kijijini mara moja unapata ya kwanza tu, na ili upate ya pili lazima uwarudie watu wale wale, au ukadirie kwa kuangalia maambukizi hukaa mwilini muda gani. Tuseme watu 6 kati ya 100 wamekutwa na ugonjwa. Ikiwa kila ambukizo hukaa nusu mwaka, wapya ni kama 12 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Likikaa mwezi mmoja tu, wapya ni kama 72. Kisonono kwa mwanaume huchoma na kutoa usaha, basi wengi hukimbilia dawa ndani ya siku chache. Klamidia kwa mwanamke inaweza kukaa miezi mingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo asilimia zinazofanana hazina maana kwamba magonjwa hayo mawili yanaenea kwa kasi moja.

Andika swali lako kwa sentensi moja na ulibandike ukutani: nani, wapi, ugonjwa upi, kwa kipimo kipi, kipindi gani. Kanda ya Ziwa inatufundisha kwa nini hayo yote lazima yatajwe. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, jamii 12 ziligawanywa kwa jozi 6. Katika nusu yake, vituo vya afya viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwa wanaokuja na dalili. Baada ya miaka 2, waliopata VVU walikuwa asilimia 1.2 upande huo na 1.9 upande wa pili, pungufu ya karibu asilimia 40. Rakai, Uganda, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, watu wazima wa upande mmoja walipewa dawa majumbani kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka pande zote mbili, hakuna tofauti. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mlipuko wa VVU Rakai ulikuwa wa zamani zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya vidonda sehemu za siri ilitokana na malengelenge, ambayo hayasikii antibayotiki. Mtu akikuambia "kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza VVU" au "hakupunguzi", muulize: wapi, lini, magonjwa yapi?

Watu wangapi

Kanuni ni hii: zidisha 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa 1.96, zidisha kwa kiwango unachotarajia, zidisha kwa kilichobaki kufikia 1, kisha gawanya kwa kipeo cha pili cha kosa unalokubali. Ukitarajia asilimia 10 na kukubali kosa la asilimia 3 kila upande, unapata 385.

Hapo wengi huishia, na ni mapema mno. Watu wa kitongoji kimoja hufanana kitabia na hushirikiana wapenzi, hivyo watu 20 wa kitongoji kimoja hawakupi taarifa sawa na watu 20 waliotawanyika kata nzima. Zidisha kwa 1.5: unapata 578. Kisha, ukitarajia kwamba 15 kati ya 100 hawatapatikana au watakataa, gawanya kwa 0.85: unapata 680. Usizidishe kwa 1.15, maana utapata 665 na utapungukiwa. Na ukitaka kusema jambo la uhakika kuhusu wanawake peke yao na wanaume peke yao, unahitaji 680 kwa kila kundi, yaani 1,360.

Ile namba 384 inayojaa kwenye tasnifu za wanafunzi hutokana na kuweka asilimia 50 na kosa la asilimia 5 bila kufikiri. Kwa kisonono chenye asilimia 2 haifai kabisa: "asilimia 2, toa au ongeza 5" ni sentensi isiyo na maana. Kwa ugonjwa wa asilimia 2 na kosa la asilimia 1 unahitaji watu 753 kabla ya nyongeza zote. Kama bajeti haitoshi, punguza magonjwa au panua eneo. Kujifanya kwamba 384 wanatosha hakutakusaidia.

Kumpata mtu mwenyewe

Chukua orodha ya vitongoji vyote na idadi ya kaya, chagua vitongoji 30 kwa bahati nasibu inayozingatia ukubwa, kisha orodhesha upya kila kaya ndani yake. Usitegemee daftari la mwenyekiti peke yake. Daftari linawajua wenye nyumba. Haliwajui wapangaji wa chumba kimoja nyuma ya duka, wahudumu wa baa wanaolala kazini, wala vijana wa kambini. Hao ndio mara nyingi wenye maambukizi zaidi. Tembea kila kichochoro, hesabu milango, na uliza kila mlango, "Nani alilala hapa jana usiku?" Swali hilo linashinda "Nani anaishi hapa?", kwa sababu anayeishi kwa kuhamahama hujiona hana makazi hapo.

Katika kila kaya iliyochaguliwa, andika wote wenye miaka 18 hadi 49 waliolala hapo, kisha chagua mmoja kwa kura. Mmoja tu. Ukimpima mume na mke chini ya paa moja, mmoja akipewa dawa na mwingine asipewe, umevunja siri yao wewe mwenyewe. Kumbuka kuandika walikuwa wangapi kwenye kura: mtu wa nyumba yenye wanne alikuwa na nafasi moja kati ya nne, hivyo kwenye uchambuzi anahesabiwa kwa uzito wa 4. Fomu isiyo na namba hiyo haitengenezeki baadaye.

Usipomkuta, rudi. Nenda mara tatu, angalau mara moja jioni na mara moja mwisho wa wiki, ndipo uandike "hakupatikana". Usimchukue jirani badala yake. Mhojaji aliyechoka na jua la saa saba atashawishika kufanya hivyo, na hapo sampuli yako itageuka kuwa ya watu wanaokaa nyumbani mchana.

Kwa kambi za dagaa, panga ratiba kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa giza wavuvi huingia ziwani jioni, hurudi alfajiri na hulala hadi mchana, kwa hiyo wakute alasiri, kabla hawajashusha mitumbwi. Mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika, na baadhi hurudi kwao. Timu inayofika kambini siku ya mwezi mpevu itakuta mahema matupu na wanawake wanaoanika, itaandika "wanaume wachache", na itakuwa imekosea. Uliza kila kambi kwao ikoje, maana taratibu hutofautiana.

Kwa kila aliyekosekana, andika jinsia, umri wa kukisia, kazi na sababu. Angalia kwa nini: umefikia asilimia 70 ya wanaume na ukakuta asilimia 6 wana klamidia. Ikiwa wale 30 uliowakosa wana asilimia 12, kiwango halisi ni 7.8. Kosa hilo ni kubwa kuliko kosa lolote la mashine, na bila kumbukumbu za waliokosekana hutajua hata linaelekea upande gani.

Makundi yanayojificha hayapatikani mlango kwa mlango. Kwao hutumika njia ya kuitana: unaanza na watu wachache wanaoaminika na wenzao, kila mmoja unampa kuponi tatu awaalike anaowafahamu, nao hupewa zao tatu. Kila mtu anaulizwa anawafahamu wangapi wa kundi lake, kwa sababu mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa zaidi ya kualikwa, na uzito wake hupunguzwa kwenye hesabu. Zanzibar walitumia njia hii mwaka 2007 kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Data za namna hii zisichanganywe na za kaya.

Vibali

Tanzania Bara, kibali cha maadili hutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar kuna kamati chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya. Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Baada ya hapo ni barua: mkoa, halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji. Tenga miezi kadhaa. Taarifa za afya na za maisha ya ngono zinalindwa na sheria, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya kwa ya 2019, kwa hiyo eleza kwenye andiko lako data zitakaa wapi na nani ataziona.

Mwenyekiti wa kitongoji akusindikize hadi uwanjani, akutambulishe, kisha aondoke. Akibaki mlangoni, ridhaa unayopata ni ya kumwogopa yeye.

Ridhaa yenyewe isomwe polepole, na mshiriki aulizwe kurudia kwa maneno yake: atapimwa nini, matokeo atapewa vipi, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi anayemchagua yeye mwenyewe.

Maneno ya dodoso

Hapa ndipo pa kutumia muda. Neno "zinaa" kwa mtu wa dini, Mwislamu au Mkristo, ni dhambi kabla halijawa ugonjwa. Mke aliyetulia na mumewe ukimuuliza, "Umewahi kuugua ugonjwa wa zinaa?" anasikia, "Umewahi kuzini?" Atajibu hapana, hata kama alitibiwa mwaka jana kwa ugonjwa aliouletewa nyumbani. Sema "magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana", au uliza dalili moja moja:

"Katika miezi 3 iliyopita, umewahi kutokwa na uchafu ukeni usio wa kawaida yako, kwa rangi au harufu?"
"Umewahi kuhisi mkojo unachoma?"
"Umewahi kupata kidonda sehemu za siri, hata kama hakikuuma?"

Kisha uliza alifanya nini. Wengi watasema walikuwa na "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Jina hilo limekuwa kapu la kila kitu kinachochoma, na dawa yake hununuliwa dukani bila kipimo. Usilirekodi kama ugonjwa, lirekodi kama jina alilopewa. Uliza amemeza dawa gani wiki 4 zilizopita, na ubebe maboksi matupu ya antibayotiki zinazouzwa eneo hilo umwonyeshe. Watu hukumbuka rangi ya kapsuli kuliko jina.

"Mpenzi" nalo ni mtego. Mwanaume mwenye mke ukimuuliza ana wapenzi wangapi, hamhesabu mkewe. Anahesabu wa nje, na pengine akasema hana. Mwingine atamhesabu mke na kumwacha wa safarini kwa sababu "yule si mpenzi, ni bahati tu." Usiulize idadi kwanza. Anza na mtu wa mwisho: "Mara ya mwisho ulipojamiiana, ilikuwa na nani kwako: mke au mume, mchumba, mtu mnayejuana, mtu wa mara moja, au mtu uliyempa au aliyekupa pesa au kitu?" Uliza lini, kondomu ilitumika au la, mtu huyo anaishi wapi. Kisha: "Kabla ya huyo, ilikuwa na nani?" Rudi nyuma mmoja mmoja hadi miezi 12. Hesabu utaijumlisha mwenyewe.

Miezi 12 pia inahitaji nguzo za kushika. Tengeneza kalenda ya eneo: Ramadhani, Pasaka, Nane Nane, kufunguliwa kwa shule, mavuno ya pamba, siku ambazo ziwa lilifungwa. "Ilikuwa kabla ya Idi au baada?" hupata jibu, ilhali "Ilikuwa mwezi wa ngapi?" hupata kukisia.

Mhojaji asitoke kijiji hicho, na awe wa jinsia moja na mshiriki. Umri nao una uzito. Binti wa miaka 23 anaanza kwa "Shikamoo baba", anaitikiwa "Marahaba mwanangu", na kuanzia hapo wamekuwa baba na mtoto. Baba hatamweleza mwanawe kuhusu gesti. Kwa wenye zaidi ya miaka 40 tuma mhojaji mtu mzima, au tumia kishikwambi chenye sauti iliyorekodiwa na vipokea sauti vya masikioni, mshiriki aguse jibu mwenyewe. Rekodi hiyo iwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo, Kisukuma au Kikerewe. Mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona nakala ya kwanza arudishe kwenye Kiswahili, nanyi mkae mlinganishe palipopotoka.

Kila Ijumaa fanya hesabu hii: jumla ya wapenzi waliotajwa na wanaume dhidi ya jumla iliyotajwa na wanawake. Katika jamii iliyofungwa zingelingana, maana kila uhusiano wa mwanaume na mwanamke una pande mbili. Hazitalingana. Wanaume huongeza, wanawake hupunguza, hasa wasioolewa, na watafiti wa Kisesa wilayani Magu wameliandika hilo vizuri. Tofauti ikiwa kubwa kwa mhojaji mmoja kuliko wenzake, tatizo ni namna anavyouliza. Kaa naye.

Na jambo dogo linaloharibu mambo makubwa: saa. Mhojaji anaandika sampuli ilichukuliwa 4:30, akimaanisha saa nne na nusu asubuhi. Maabara inaandika imepokelewa 11:00, kwa saa za kompyuta, yaani saa tano asubuhi. Sampuli iliyokaa nusu saa inaonekana imekaa saa sita na nusu, inatupwa. Amueni siku ya kwanza ya mafunzo kutumia mfumo wa saa 24 tu, na wahojaji waache simu isome saa badala ya kichwa.

Sampuli

Kwa wanaume ni mkojo wa mwanzo. Asiwe amekojoa kwa angalau saa moja, asijisafishe kabla, na akinge mililita 20 hadi 30 za kwanza kabisa, kisha amalizie chooni. Hospitali wamemzoesha kukinga mkojo wa katikati, ule wa kutafuta UTI ya kibofu. Huo kwetu ni mbovu, kwa sababu vijidudu vimeshasombwa na maji ya kwanza. Chora mstari wa kalamu kwenye kikopo na umwambie aishie hapo. Akijaza kikopo chote, sampuli imechujuka.

Kwa wanawake, swabu ya uke anayojichukulia mwenyewe ni bora kuliko mkojo, na wengi huipendelea kuliko kulala kitandani kwa muuguzi. Maelekezo yatolewe kwa picha na kwa mdomo: nawa mikono, fungua kifuko bila kugusa pamba, ingiza kama sentimeta 5, yaani kama pingili mbili za kidole, zungusha taratibu ukihesabu hadi 30, toa, tia kwenye kichupa, vunja kijiti kwenye alama, funga. Makosa ya kawaida ni matatu: kugusa juu juu bila kuingiza, kumwaga maji ya kichupa kwa kudhani ni uchafu, na swabu kuanguka sakafuni. Mpe mbili tangu mwanzo ili ikianguka asione haya kuomba nyingine. Mwenye hedhi nzito mpe miadi ya siku nyingine, kwa sababu damu nyingi huweza kuzuia kipimo.

Angalia choo chenyewe kabla ya kumtuma mtu. Choo cha shimo kisicho na taa, bila ndoano ya kutundikia mkoba wala pa kuweka kichupa, kitakuletea sampuli mbovu. Msumari mmoja, kibao, tochi na ndoo yenye bomba huondoa shida hiyo kwa gharama ndogo.

Kaswende ni damu ya kidole kwa kipimo cha haraka, na mililita 4 hivi za mkononi kwa atakayekutwa nayo.

Lebo zichapwe zikiwa na msimbopau, seti moja kwa kila mshiriki: fomu, kichupa, mrija wa damu, daftari. Bandika mbele ya mshiriki, kabla hajaenda chooni, na soma namba kwa sauti. Lebo zinazobandikwa jioni mezani ndizo hubadilishana. Sampuli ziingie kwenye kisanduku baridi chenye vifuko vya barafu, nyuzi 2 hadi 8, kipimajoto ndani. Kifuko cha barafu kisigusane na mkojo moja kwa moja, weka gazeti katikati. Muda ambao mkojo unaweza kukaa hutofautiana kwa kila kipimo, basi fuata karatasi ya watengenezaji na uiandike kwenye kifuniko cha kisanduku.

Kusoma majibu

GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu, hutoa jibu la klamidia na kisonono kwa takriban dakika 90, hivyo inawezekana kutibu siku hiyo hiyo kama umeme upo. Tenga asilimia 5 ya katriji kwa marudio.

Kipimo kizuri nacho hukosea pale ugonjwa unapokuwa adimu. Chukua watu 1,000, wagonjwa 30, na kipimo kinachogundua wagonjwa 95 kati ya 100 na kuwatambua wazima 98 kati ya 100. Kitawakamata wagonjwa 28 au 29, lakini pia kitawasingizia wazima 19 kati ya wale 970. Karibu wawili kati ya kila watano walioambiwa wanaumwa ni wazima. Ukiwa na sampuli ya akiba, rudia kabla ya kutoa jibu linaloweza kuvunja ndoa.

Kwa ripoti, sahihisha kiwango hivi: chukua kilichoonekana, ongeza uwezo wa kutambua wazima, toa 1, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wote wawili ukitoa 1. Kipimo hicho hicho kikionyesha asilimia 5, kiwango halisi ni 0.03 gawanya kwa 0.93, yaani asilimia 3.2.

Kaswende ina ugumu wake. Kipimo cha haraka cha kingamwili hubaki chanya maisha yote kwa wengi, hata waliopona. Ukihesabu hao wote kama wagonjwa utaitia kata nzima hofu. Fanya RPR, kipimo cha pili cha damu ambacho kwa kawaida hushuka baada ya tiba, kwa waliokutwa chanya: vyote viwili vikiwa chanya ndipo uhesabu kaswende inayohitaji kushughulikiwa, na andika damu ilizimuliwa mara ngapi RPR ikiwa bado chanya, kwa mfano 1:8, ili mhudumu wa afya amfuatilie kama kinashuka baada ya tiba.

Tiba na wenza

Dawa ziwe ndani ya gari siku ya kwanza. Kupima mtu na kumwambia asubiri bohari ni kumdanganya. Fuata mwongozo wa tiba wa nchi yako. Kwa klamidia kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, lakini mjamzito hapewi hiyo, hupewa azithromaisini gramu 1 kwa mara moja. Kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, na chumba kiwe na adrenalini kwa atakayepata mzio mkali. Kwa kisonono angalia toleo jipya la mwongozo, kwani usugu umeshaondoa dawa kadhaa zilizokuwa zikitumika. Asijamiiane siku 7, na hadi mwenza atibiwe. Usirudie kipimo cha vinasaba kabla ya wiki 4, kwa sababu mabaki ya vijidudu vilivyokufa bado hutoa jibu chanya. Miezi 3 baadaye mpime tena, kutafuta maambukizi mapya.

Mwenza apewe kadi yenye namba tu, isiyotaja ugonjwa, inayokubalika zahanati. Kabla ya kumpa mama kadi hiyo muulize faraghani: "Ukimpelekea baba, unaogopa chochote?" Akisita, usimsukume. Muuguzi amwite mume kwa sababu nyingine ya kweli, kama upimaji wa afya wa familia, au jambo liachwe mpaka mama mwenyewe aseme. Majibu yasitumwe kwa meseji. Simu nyingi ni za nyumba nzima, na anayesoma ujumbe wa kwanza mara nyingi siye mwenyewe.

Mrejesho

Kabla ya kuchapa jedwali, tafuta visanduku vyenye watu chini ya watano na uviunganishe. Ukiandika kwamba katika kambi fulani wanawake 3 kati ya 9 wana kisonono, hao 9 watatajwa kwa majina sokoni kabla ya jua kuzama. Mkutano wa kijiji upewe namba ya kata nzima, dalili za kuangalia, na zahanati yenye dawa leo. Orodha za vitongoji zisomwe na mganga mkuu wa wilaya peke yake.

Daftari linalounganisha majina na namba za msimbopau likae kwenye kabati la chuma mbali na kompyuta yenye data, funguo mbili, watu wawili. Mshiriki wa mwisho akishapewa jibu na kupimwa tena ile miezi 3, lichanweni mbele ya mjumbe wa kamati ya maadili, na tarehe iandikwe.